Hardwick Hall: Mbwembwe za Vioo, Kazi ya Fundi

Haya watazamaji wangu, leo simu na friji ziko pembeni. Tunachambua jumba: Hardwick Hall, kule Derbyshire, Uingereza. Mwenyewe ni Bess wa Hardwick, mama aliyeolewa mara 4, akafa tajiri kupindukia. Ujenzi ulianza 1590, akahamia 1597. Anayetajwa kuchora ramani ni Robert Smythson.

Hebu tazama uso wa mbele. Ukuta uko wapi? Vioo vitupu! Enzi hizo kioo kilikuwa bei mbaya, kwa hiyo kila dirisha hapo ni tangazo la fedha. Juu ya minara 6 ameweka herufi za mawe, ES: Elizabeth Shrewsbury, ndiye Bess huyo huyo kwa jina lake rasmi. Yaani hata aliye mbali ajue ni kwa nani.

Lakini kilichonikosha mimi ni hesabu ya fundi. Nchi ya baridi, kila chumba kinataka meko, na meko inataka dohani. Ukizipanga dohani kwenye kuta za nje, madirisha utayaweka wapi? Smythson akazipitisha nyingi ndani ya ukuta mnene wa katikati. Na bado kuna ujanja: ukichunguza, baadhi ya madirisha ni geresha, nyuma yake hakuna chumba.

Ndani, ngazi ya mawe inazunguka taratibu. Chini dari ni fupi, juu kabisa ndiyo ndefu kuliko zote, maana huko ndiko wakubwa walikopokelewa. High Great Chamber, ukumbi mkuu wa juu, imezungushiwa plasta ya rangi: msitu, wanyama, na Diana mwenyewe, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi. Rangi imepauka, ila kazi ni kazi.

Kwenye Long Gallery, ukumbi mrefu wa juu, kuna mazulia ya ukutani 13 ya kisa cha Gideoni. Yalikuwa ya Christopher Hatton, mkubwa wa serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Bess alipoyanunua, akafunika nembo za Hatton kwa za kwake, na kwa gharama hiyo akakatiwa pauni 5 kwenye bei. Huyu mama asingeibiwa Kariakoo!

Kasoro? Vioo vyote hivyo havishiki joto hata kidogo. Muundo nampa 9 kwa 10, starehe 4, basi.

Tangu 1959 jumba liko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kale, kwa hiyo kuingia ni kwa tiketi. Nenda alasiri, uso wa mbele unatazama magharibi. Na beba sweta.