Kifaru T-55A cha Tamiya, nimekipenda sana

Jamani hiki kifaru cha vita cha plastiki cha kuunganisha mwenyewe, cha kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli), nimekimaliza jana hapa Kampala na vipande vinaingiana vizuri mno, turiti (ile sehemu ya juu yenye mzinga) inazunguka bila kukwama, ila duka lililonitumia lilifunga boksi ovyo nikakuta mtutu umepinda, iliniuma kweli. Kwa skeli hiyo mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5 tu, so macho ya askari nimeyachora kwa ncha ya tusipiki, pumzi nimeibana. Udongo wa kukipaka sikununua, nilichota muramu nyekundu ya barabarani nikaichekecha kwa chujio la chai nikachanganya na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inapasuka nyufa ndogondogo kama kiangazi chenyewe, yaani tamu! Minyororo ya magurudumu pakeni rangi kabla ya kuifunga.