Uzoefu wangu: nanga kutoka Bukoba, miezi minane bila darasa

Jirani yangu wa duka aliposikia nimenunua nanga alinipongeza, akauliza mtumbwi utashushwa lini. Hapa Kirumba, Mwanza, ndivyo ilivyo, na mimi mwenyewe nauza nyavu na ndoano, kwa hiyo simlaumu. Nikafungua gunia akaona gogo lililochongwa kama chano kirefu, nyuzi zimepita juu yake: nanga ya kupiga muziki, ile ya Wahaya, si ya mtumbwi. Akaliinua, akasema, “Hii haizami.” Tangu siku hiyo nimeulizwa habari zake mara nyingi, nimeona niandike kwa anayefikiria kuagiza.

Niliipata kwa fundi mmoja wa upande wa Bukoba, shemeji yangu akiwa dalali. Chombo shilingi 120,000, mzigo wa meli 10,000. Meli iliondoka kule usiku, asubuhi nikaipokea Bandari ya Mwanza Kaskazini. Ni mti mmoja mtupu, hauna kiungo wala gundi, urefu wake kama sentimita 80. Ukihesabu nyuzi utapata nane, lakini kwa kweli uzi ni mmoja tu. Umefungwa kwenye jino la kwanza lililochongwa ukingoni, ukavuka, ukazunguka jino la upande wa pili, ukarudi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vigingi vya kukazia kama vya gitaa hakuna.

Hilo hakuna aliyenieleza, na ndilo lililonitesa kuliko yote. Ukivuta wa tatu, wa nne unalegea. Ukiurudia wa nne, wa tano unalalamika. Wiki mbili za kwanza sikupiga wimbo wowote, kazi yangu ilikuwa kuvuta tu kama mtu anayefunga gunia la dagaa kwenye pikipiki. Siku ya kumi na tano uzi ukakatika. Hapo angalau biashara yangu ilinisaidia: nikachukua mshipi wa nailoni dukani, ule mnene tunaouzia watu wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi za kuvulia sangara, ukakaa vizuri kuliko wa mwanzo. Zamani walitumia kano za wanyama, kwa hiyo sidhani kama nimevunja mwiko.

Kasoro kubwa ilijitokeza mwezi wa pili. Ufa wa shubiri moja, pembeni. Duka langu ni la bati, mchana linachemka, na mti ule nadhani ulichongwa ukiwa mbichi. Nilimpigia fundi, akasema miti yote hupasuka. Nimeziba kwa vumbi la mbao na gundi, sauti haijaharibika sana, ila jibu lake bado limenikaa kooni.

Sasa kujifunza. Najua kuna chuo cha sanaa Bagamoyo, TaSUBa, na nawaheshimu waliopita pale. Lakini Bagamoyo ni pwani, mimi nina duka na watoto watatu. Isitoshe nimekulia Magu. Ngoma za Kisukuma hakuna aliyenifundisha; nilisimama karibu na wakubwa, mikono ikazoea. Hata leo ukienda Bujora, pale Kisesa, siku za Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa Juni, makundi mawili ya Wagika na Wagalu yanaposhindana, utaona watoto wembamba wanafuatisha bugobogobo, ngoma ya majembe, na vijembe vya kuchezea pembeni ya uwanja. Nikajiambia nanga itakuwa vivyo hivyo. Nilichosahau ni kwamba Magu ngoma ilinizunguka pande zote, na hapa nanga ilikuwa na mimi na simu tu.

Kwenye simu nyingi nilizozipata zilikuwa video za Burundi na Rwanda, wanakoiita inanga. Tamu kweli. Tatizo, wapiga picha wanapenda uso wa mzee kuliko vidole vyake. Wimbo ukikolea tu, kamera inapanda juu. Warundi nao wana mtindo wa kuimba kwa kunong'ona, nikadhani ndivyo nanga inavyoimbwa kila mahali. Nikanong'ona mwezi mzima. Mke wangu alikuja kuuliza kwa upole kama kuna mtu ninamfanyia dawa.

Kosa la kweli lilikuwa programu ya kupimia sauti. Unapiga uzi, mshale ukisimama katikati taa inakuwa ya kijani. Nilizikaza zote nane mpaka kijani. Ikalia safi, nikajiona bingwa. Jioni moja akapita mteja wangu, mzee wa Kihaya aliyefanya kazi melini mpaka akastaafu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii enanga mbona umeibatiza?”

Sikuelewa. Akasema inalia kama kinanda cha kanisani. Akaomba nizime simu, akailaza mapajani, akaanza kuguna kwa sauti ya chini huku akivuta uzi, kila mmoja akiusikiliza kwa jirani yake. Ilichukua karibu nusu saa. Alipoondoka nilishindwa kujizuia, nikawasha programu. Nyuzi tatu zilikuwa nyekundu kabisa. Nilipopiga vidole vilevile nilivyozoea, kwa mara ya kwanza ikafanana na zile nilizokuwa nasikia kwa Wahaya nilipokuwa mdogo, redioni.

Tangu hapo huja Alhamisi, soko likipoa. Hataki hela, huchukua ndoano chache za mjukuu wake. Hanifundishi vidole, anasema hivyo nimejiokotea vya kutosha. Ananikaripia maneno. Enanga, anasema, ilipigwa mbele ya Bakama, wafalme wa Wahaya, kusimulia mambo ya watu, na sauti ya nyuzi hufuata namna neno linavyopanda na kushuka. Kihaya sikijui. Nikajaribu Kiswahili, maneno yakawa yanaburuzwa nyuma ya nyuzi. Akaniuliza mama yangu alinibembeleza kwa lugha gani. Nikaimba Kisukuma, ambacho nacho kina kupanda na kushuka kwake, na vikaanza kushikana. Nina wimbo mmoja na nusu.

Chombo nakipa nyota tatu kati ya tano, moja imeondoka na ule ufa, nyingine na jibu la simu. Video, mbili. Programu ya kupimia, kwa gitaa sawa, kwa hii ifute. Kujifundisha mwenyewe bado nakutetea, kwa sababu mzee asingesimama dukani kwangu kama asingesikia mtu anaharibu.

Ukiagiza, muulize fundi kwanza mti ulikatwa lini, na umekauka kivulini au juani.