Skana inayosoma eabegi: inafaa kwa gari kuukuu?

Inafaa, mradi iwe inafungua mfumo wa SRS, yaani mfumo wa eabegi (mifuko ya hewa ya usalama). Skana nyingi za bei rahisi husoma kodi (namba za hitilafu) za injini tu. Taa ya eabegi haziioni kabisa. Skana inayosoma SRS huonyesha saketi yenye hitilafu, hivyo hubahatishi vipuri. Kodi ya saketi ya eabegi ya dereva, hasa honi nayo ikikata, mara nyingi huashiria utepe wa nyaya ndani ya usukani umekatika. Kodi ya upande wa kiti? Kagua plagi ya njano chini yake. Kwanza toa waya hasi wa betri, subiri dakika 10. Usiguse eabegi kwa multimita, inaweza kulipuka! Kasoro ya skana hii: kwa kawaida haifuti kumbukumbu ya ajali iliyobaki kwenye kompyuta ya eabegi.