MacBook ya gemu? Kamuulize fundi wa Windows

Ukienda Kariakoo ukauliza kama MacBook inafaa kwa gemu, utaambiwa inafaa. Ukiuliza kama inafaa kukaangia chipsi utaambiwa inafaa pia, bosi wangu, tena haishiki mafuta. Mimi niliambiwa inafaa, nikatoa hela inayonunua bodaboda mbili mpya, na tangu wakati huo kila anayenijua amechoka kunisikiliza. Leo nawachosha ninyi.

Msimamo wangu ni huu: Mac si mashine ya gemu. Nimeusema kwenye kila kijiwe na hakuna aliyenibishia akashinda. Kuna jambo moja mbele huko litaniharibia hoja, lakini tutafika.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwa hiyo Mac niliitaka kwa kazi pia, sikatai. Ila kwa yule kijana wa dukani sikuficha kitu. Nilimwambia kabisa kwamba usiku mimi ni mtu wa Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi kikosi kwa kikosi. Tuko washkaji watano, wengine wako Mwanza, mmoja Mombasa, tunakutana usiku kwenye seva za Johannesburg, na hatuchezi kupoteza muda, tunacheza tushinde. Nikamuuliza, hii mashine itaniweka kikosini? Akavuta ile ya maonyesho, akawasha gemu moja la magari, zile ambazo hata kwenye simu zipo, gari likaruka daraja, kioo kikang'aa, akanigeuzia. "Unaona, bosi wangu? Hii ina chipu ya M3 Pro. Inakula gemu zote. Na kama kuna moja itagoma, fundi wetu anakuwekea Windows hapa hapa, nusu saa tu."

Hiyo sentensi ya mwisho ishikeni vizuri. Ndiyo iliyonitoa hela mfukoni.

Usiku ule nikaingia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Gemu zangu zote nilizonunua kwa miaka zipo kwenye orodha, na zaidi ya nusu zimefifia, rangi ya kijivu. Counter-Strike 2 imo humo. Naibonyeza, hakuna kitufe cha kusakinisha, kuna kaalama ka Windows tu kamekaa pembeni kananiangalia. Washkaji wako hewani wananisubiri, nasikia wanacheka kwenye hedifoni, mmoja ananiambia "ingia basi, tajiri wa Apple". Nikawaambia intaneti inasumbua. Sikuwa na uso wa kuwaambia ukweli.

Na ukweli haukuwa siri. Counter-Strike ya zamani, CS:GO, ilichezwa kwenye Mac miaka mingi tu. Valve, wenye gemu, walipotoa Counter-Strike 2 Septemba 2023, Mac wakaiacha nje pamoja na kompyuta zilizochakaa, wakaeleza kwamba watu wa makundi hayo yote wakijumlishwa hawafiki asilimia 1 ya wachezaji. Waliokuwa wanacheza zaidi kwa Mac wakaruhusiwa kurudishiwa hela ya Prime, ile hadhi ya kulipia ndani ya gemu, basi, safari njema. Linux imo. Linux! Mfumo ambao ukiutaja mtaani kwetu watu wanadhani ni dawa ya mbu umo ndani, mimi na mashine yangu ya bei ile tuko nje. Sasa mtu anayeuza kompyuta kila siku, anayeishi kwa kuuza kompyuta, habari hizi hazijui? Au anazijua na akanitazama usoni akapiga hesabu?

Nikarudi dukani. Boksi mkononi, risiti ndani, sauti ya chini kabisa, mama yangu angejivunia. Nikasema tu, nimekuja kuwekewa Windows kama mlivyoniahidi. Kijana akakwepesha macho, akamwita fundi. Fundi akashuka ngazi na bisibisi sikioni mahali pa kalamu, akaigeuza mashine juu chini, akaifungua, akaifunga, akasema, "Hizi mpya hazikubali." Akapanda ngazi zake akaondoka. Ndiyo hiyo nusu saa niliyoahidiwa.

Hapo kwa fundi nina neno zuri moja: alisema kweli. Mac za zamani zenye chipu za Intel zilikuwa na Boot Camp tangu 2006, unaweka Windows pembeni, unawasha unayoitaka, unacheza. Apple walipoanza kuweka chipu zao wenyewe, M1 na wenzake, mwishoni mwa 2020, Boot Camp ikabaki kwa zile za zamani. Kwa maana hiyo duka lile lilikuwa bado linauza ahadi ya mashine iliyopitwa na miaka. Nikamwambia mwenye duka, mtu mzima, amekaa kaunta anakula karanga: mzee, mlichoniahidi hakipo, nirudishieni hela au nibadilishieni nichukue ya Windows. Akanitazama, akatafuna, akauliza kwa sauti ambayo wateja wote waisikie, "Yaani baba mzima, mashine ya hela yote hii, unataka kuchezea gemu?" Wakacheka. Na yule kijana, yule yule wa "inakula gemu zote", naye akacheka! Kisha mzee akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na bado ikaonekana mimi ndiye kichekesho. Kwanza mtu mzima kucheza gemu kuna kosa gani? Wao wakikaa kwenye bao mpaka jua linazama mbona hatuwahesabii umri?

Nilikaa na hasira zangu nikaanza kuchimba kwa nini hali iko hivi. Nilichogundua ni kwamba nguvu ya mashine haina ubaya wowote, na hilo ndilo linaloudhi. Shida ni wenye gemu kuhamishwahamishwa kila wakizoea. Mwaka 2018 Apple wakatangaza wanaachana na OpenGL, teknolojia ya kuchora picha za gemu, wakawaelekeza watu kwenye Metal yao, ambayo Windows haipo wala PlayStation haipo. Mwaka 2019 ikaja macOS Catalina, toleo jipya la mfumo wa Mac, na gemu zote za biti 32, zile za muundo wa zamani, zikazimika. Mtu umelipia Portal 2, umelipia Left 4 Dead 2, ukisasisha tu hazifunguki tena. Mwaka 2020 chipu zenyewe zikabadilika. Gemu za Intel zinasukumwa na Rosetta 2, mkalimani wa Apple wa kuzitafsiria chipu mpya, na hiyo Rosetta mwaka 2025 wakatangaza kwamba baada ya macOS 27 itapunguzwa, kitabaki kipande cha kubebea gemu za zamani. Wewe kama una studio yako, kila baada ya muda mfupi unaambiwa anza upya kwa ajili ya kundi dogo, utaanza? Rocket League walifungasha virago Machi 2020. Fortnite ya Mac ikabaki bila masasisho tangu Epic, wenye gemu hiyo, walipogombana na Apple Agosti mwaka huo huo.

Halafu kuna kisa cha Halo, ambacho nikikikumbuka nacheka peke yangu. Mwaka 1999 Steve Jobs mwenyewe alisimama jukwaani kuitambulisha Halo kwenye mkutano wa watu wa Mac. Mwaka uliofuata Microsoft wakawanunua Bungie, wenye gemu, na 2001 Halo ikawa ndiyo inayouza Xbox. Bibi harusi kachukuliwa ukumbini, kamati ya harusi inatazama.

Mtaniambia kuna njia za kuzunguka. Zipo, nimezipita. Programu ya CrossOver inafungua gemu nyingi za Windows bila Windows, na tangu 2023 Apple wana zana yao ya kuwasaidia watengenezaji kuhamisha gemu, imejengwa juu ya kazi hiyo hiyo ya CrossOver. Kwa gemu za kucheza mwenyewe utashangaa zinavyokubali. Lakini gemu za mashindano zina walinzi, programu za kunasa wadanganyifu, wanaoingia hadi kwenye kiini cha Windows, na walinzi hao hawataki kuona Windows ya kuigiza. Valorant, sahau. EA Sports FC, sahau. Programu ya Parallels nayo inakupa Windows ya ARM, ile ya chipu za aina hii, ndani ya dirisha, mlinzi akiinusa tu anakufungia mlango. Kucheza kwa kompyuta ya mbali huko ng'ambo, picha ikaletwa kwako kwa intaneti, nako nilijaribu: nabonyeza kufyatua, risasi inatoka nikiwa nimeshakufa na mwenzangu ameshaanza kunilaumu.

Na FC hapo msiipite haraka. Mtaani kwetu mtu akisema gemu anamaanisha mpira. Kila anayeingia sebuleni kwangu akiiona ile laptopu anauliza kitu kimoja, "FC ipo?" Haipo. Shemeji yangu nikamwekea Football Manager, ambayo Mac inayo, akaitazama dakika chache akaniuliza kama nimempa kazi ya ofisini. Kwa wapenzi wa League of Legends na World of Warcraft, hizo zipo na zinaenda vizuri. Sisi wengine tunakaa na pedi ya PS5 mkononi, inaunganika na Mac bila shida yoyote, tunatafuta cha kucheza.

Sasa lile jambo la kuniharibia hoja.

Cyberpunk 2077 ilitoka kwa Mac Julai 2025. Nilikuwa nimeapa sinunui gemu nyingine kwenye mashine hii, lakini ikawa na punguzo, na mimi ni binadamu. Kwenye mipangilio ya picha kuna chaguo limeandikwa kwamba ni kwa ajili ya Mac hii, unalichagua, gemu linajipanga lenyewe kulingana na mashine yako. Nikalichagua kwa dharau. Mvua ya mjini mle ikaanza kunyesha, taa za matangazo zikaakisi kwenye lami, nikajikuta nimeacha kazi nimesimama tu barabarani kwenye gemu natazama madimbwi. Siku moja umeme ukakatika mtaa mzima, jenereta za jirani zikaanza kunguruma, mimi nimeketi gizani na chaji yangu naendelea, feni inapumua kwa mbali, na picha haijashuka. Laptopu ya gemu ya mshkaji wangu ukiichomoa kwenye umeme inakata pumzi hapo hapo, na ikiwa kwenye umeme inapiga kelele mpaka mtoto anaamka.

Kwa hiyo inaweza! Hapo ndipo hasira zangu zinapopanda mara ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Assassin's Creed Shadows ilitoka Machi 2025, Mac na Windows siku moja. Baldur's Gate 3 ipo, Resident Evil zipo, zinakwenda. Ina maana mashine ilikuwa nayo nguvu muda wote huu, mimi nimenyimwa kikosi changu kwa sababu ya mahesabu ya watu walioketi mbali wakaniona niko kwenye ile asilimia isiyofika 1. Na hizo gemu kubwa nazo zina mateso yake. Baldur's Gate 3 inataka GB 150. Kwa bando letu hiyo ni michango ya harusi. Diski ya ndani nina GB 512, imegandishwa kwenye bodi, RAM imo ndani ya chipu yenyewe, hakuna fundi wa kuongeza chochote, hata yule wa bisibisi sikioni. Ulichonunua dukani ndicho utakachozikwa nacho.

Basi niseme hivi, na kesho naweza kusema vingine: ukiwa mtu wa kucheza peke yako, hadithi ndefu, usiku, hedifoni masikioni, sijashika laptopu tamu kuliko hii. Ukiwa mtu wa kikosi, ni ukuta. Nimejiunganishia kompyuta ya mezani ya mtumba, ile miboksi ya ofisini, nikatia kadi ya picha ya mtumba, Counter-Strike inaenda. Inanguruma, ina joto, imechukua nusu ya meza. Naichukia. Washkaji wamenirudisha kikosini, ila usiku gemu zikiisha nikiizima tu naivuta Mac, eti nimalizie video ya mteja, na video ya mteja haiguswi.

Mwenzetu wa Mombasa kaniuliza juzi anunue ipi. Nikamwambia Windows, bila kupepesa. Halafu alikuja Dar, akaiona Cyberpunk ikiwa kwenye chaji tu, sasa ananisumbua bei za MacBook zenye chipu ya M4. Nimemwambia nunua, lakini Counter-Strike usahau, FC usahau, na fundi akikuahidi Windows mwambie aiweke mbele ya macho yako kwanza, hela ikiwa bado mfukoni mwako.