Ahadi za ajira za wagombea umeya: ipi uichukue kwanza, ipi uiache

Uchaguzi wa jiji ukikaribia, kila mgombea huja na ilani yenye neno "ajira" ukurasa wa mbele. Mpiga kura hulipia anachochagua kwa kodi, ushuru na leseni za muhula mzima, na bidhaa hii ikishachukuliwa hairudishwi dukani. Hapa chini ahadi zinazojirudia zaidi zimepangwa kwa kigezo kimoja: uwezekano wa fedha kumfikia mkazi wa jiji na kubaki naye.

Kabla ya kulinganisha, angalia mamlaka. Meya wa New York hawezi kupandisha kima cha chini cha mshahara bila bunge la jimbo. Meya wa London, tangu 2019, husimamia bajeti ya elimu ya watu wazima, kwa hiyo akiahidi mafunzo ya ufundi ana fungu la kuyalipia. Soma sheria inayounda jiji lako ujue lipi liko kwa meya, lipi kwa madiwani na lipi kwa serikali kuu. Ahadi isiyo ndani ya uwezo wa ofisi hiyo ikate mapema.

Halafu geuza namba zote ziwe ajira za mwaka mzima. "Ajira 1,000" za ujenzi wa miezi sita ni sawa na watu 500 kufanya kazi mwaka mmoja. Toa pia zile zinazohama tu: duka kubwa likifunguliwa na maduka madogo jirani yakafungwa, hesabu ya kweli ni ajira zilizoongezeka ukitoa zilizopotea. Mgombea makini ataitoa mwenyewe bila kusubiri kuulizwa.

Nafasi ya kwanza: manunuzi ya jiji

Hii inaongoza kwa sababu fedha tayari zipo. Jiji hununua madawati, sare, chakula cha hospitali, rangi, matengenezo ya magari, huduma za usafi. Haihitaji kodi mpya. Inahitaji zabuni ziandikwe upya. Preston, mji wa kaskazini mwa Uingereza, halmashauri na taasisi nyingine kubwa za umma zilikubaliana kuchunguza fedha zao zinaishia wapi. Mwaka wa fedha 2012/13, asilimia 5 tu ya matumizi yao ya manunuzi ilikwenda kwa wauzaji wa mjini humo. Kufikia 2016/17 ilikuwa asilimia 18.2.

Ndani ya ilani tafuta mambo matatu. Je, zabuni kubwa zitagawanywa vipande ambavyo karakana ndogo inaweza kubeba? Je, dhamana ya benki itapunguzwa kwa zabuni ndogo? Na muhimu kuliko yote, malipo yatatoka ndani ya siku ngapi? Hapa ndipo sera nzuri huvunjika. Fundi seremala anashinda zabuni ya madawati 200, anakopa kununua mbao na vyuma, analipa vijana wa karakana kila Jumamosi, anakabidhi mzigo na kupeleka ankara. Ankara ikikaa miezi sita, riba inakula faida yote na mwaka unaofuata haombi tena. Anabaki msambazaji mkubwa mwenye mtaji wa kusubiri. Mgombea anayeandika "siku 30 tangu mzigo kupokelewa, na baada ya hapo jiji linalipa riba" anaijua kazi hii.

Hatari nyingine ni kampuni zenye anwani ya jijini na hakuna zaidi. Sera inayosema "mzawa" au "mkazi" bila kueleza itajazwa na kampuni hizo. Kipimo kinachofaa ni mahali mishahara inapolipwa: wafanyakazi wangapi, wanaishi kata zipi.

Nafasi ya pili: wachuuzi, masoko na leseni

Katika miji mingi hawa ndio waajiri wakubwa kuliko kiwanda chochote, na meya ana mamlaka juu yao kila siku, kwa wema au kwa ubaya. Ahadi bora ni za kawaida kabisa: leseni moja dirisha moja, ada ijulikane mwanzo wa mwaka, mzigo uliokamatwa uorodheshwe na mwenyewe apewe risiti. Sheria ya wachuuzi ya India ya 2014 inatoa mfano mzuri: kila mji uwe na kamati ya biashara ya mitaani, na wachuuzi wenyewe wawe angalau asilimia 40 ya wajumbe. Muulize mgombea kama atawapa wachuuzi viti vya kupiga kura au atawaita tu kwenye mkutano wa maoni.

Jihadhari sana na ahadi ya "soko la kisasa". Soko la ghorofa hukosa wateja kuanzia juu: mama anayenunua nyanya na vitunguu hapandi ngazi na mzigo, kwa hiyo vibanda vya juu hugeuka stoo na wenyewe hurudi barabarani. Kabla ya kuipa alama, jua wateja wanashukia wapi kwenye basi, kodi ya kibanda itakuwa kiasi gani ikilinganishwa na ushuru wa sasa, na wauzaji waliopo watafanyia wapi biashara wakati wa ujenzi. Kama hilo la mwisho halina jibu, mradi utaua biashara kabla haujazinduliwa.

Nafasi ya tatu: ujenzi wenye sharti la wakazi

Boston, Marekani, ilipitisha sharti hili kuwa sheria ya jiji mwaka 1983. Miradi inayohusika ilitakiwa kulenga angalau asilimia 50 ya saa za kazi ziende kwa wakazi, na hesabu inafanywa kwa kila fani. Maneno "saa za kazi" na "kila fani" ndiyo yenye nguvu. Ukihesabu vichwa, mkandarasi ataajiri wakazi siku ya ukaguzi. Ukijumlisha fani zote, wakazi watabeba zege na mafundi umeme watatoka nje. Ahadi isiyotaja orodha ya mishahara ya kila wiki, mkaguzi na adhabu, ishushe hadi nafasi ya tano.

Nafasi ya nne: mafunzo kwa vijana

Yanafaa iwapo mwajiri amesaini kabla darasa halijafunguliwa, na jiji linapima waliobaki kazini baada ya miezi sita. Yanashindwa pale yanapopimwa kwa vyeti. Kufundisha mamia ya washonaji katika mji wenye kazi ya washonaji wachache kunashusha bei ya kushona kwa wote.

Nafasi ya tano: mifuko ya mikopo

Fedha zikitolewa karibu na uchaguzi, wakopaji huziona zawadi na marejesho hukwama. Dai mfuko usimamiwe nje ya ofisi ya meya, na kiwango cha marejesho kitangazwe kila robo mwaka.

Nafasi ya sita: misamaha kwa mwekezaji mkubwa

Gawanya msamaha kwa idadi ya ajira. Amazon ilipotangaza mwaka 2018 kujenga makao mapya New York, jimbo na jiji ziliahidi vivutio vya karibu dola bilioni 3 kwa ajira 25,000, yaani dola 120,000 kwa kila kazi. Kampuni ilijiondoa Februari 2019. Watetezi walisema kodi za baadaye zingezidi gharama, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa, lakini tu pale mkataba una kifungu cha kurudisha fedha kama ajira hazikutimia. Bila kifungu hicho, usiichukue.

Nafasi ya mwisho: viwanja vikubwa vya michezo na kukodisha mali ya jiji

Montreal ilijenga uwanja wa Olimpiki ya 1976 na ikamaliza kulipa deni lake mwaka 2006. Ajira za ujenzi zilikuwa zimekwisha miongo kadhaa nyuma.

Kukodisha mali ndiko kubaya zaidi, kwa sababu fedha huja mara moja na meya anayezipokea si anayebaki na mkataba. Chicago ilikodisha mita zake za maegesho, yaani mashine za kulipia kuegesha gari barabarani, mwaka 2008 kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji alikadiria kuwa zilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 1 zaidi, na hadi leo jiji humlipa aliyezikodi fidia linapofunga mita kwa ajili ya ujenzi au tamasha la mtaani. Mgombea akitaja kukodisha maegesho, maji au stendi ili "kufadhili ajira", mwombe ataje hadharani miaka ya mkataba, nani alikadiria thamani, na jiji litalipa nini likitaka kufunga barabara yake lenyewe.