Marobota ya majani ya mpunga kutoka Cheju: watu wa uwandani, yanunueni, ila angalieni kamba

Hapa Unguja, wenye mashamba ya Kizimbani na Dole pengine hawatayahitaji marobota haya. Wao udongo wanao. Sisi wa Jambiani, na wenzetu wote wa uwandani, yaani kwenye ardhi ya mawe, jembe likishuka shubiri moja linagonga jiwe, na mboga tunazongojea kutoka mjini zikitufikia zimeshanyauka. Nayasifia bila kusita: kwa shilingi 5,000 robota moja, nauli mbali, nimevuna tungule, yaani nyanya, uani kwangu, juu ya mawe matupu.

Ni majani makavu ya mpunga wa Cheju, yameshindiliwa na kufungwa kamba. Aliyeieneza sana njia hii ni Joel Karsten wa Minnesota, Marekani: mboga hupandwa ndani ya robota lenyewe. Lakini halipandwi siku linapofika. Liweke ncha zilizokatwa zitazame juu ili maji yapenye, kisha kwa siku 10 hadi 12 lirowanishe na kulitia mbolea ya naitrojeni. Mimi nilitumia urea. Vijidudu hupata nguvu kwa mbolea ile, huanza kuyaozesha majani, na ndani kunapata moto hasa. Tia kidole. Kikiungua, subiri. Likishabaki vuguvugu tu, toboa shimo, tia konzi ya mboji, shusha mche.

Tungule na pilipili ndizo zilizonifurahisha zaidi. Mizizi inashuka bila kizuizi, na magugu ni machipukizi ya mpunga tu, yanang'oka kwa vidole viwili. Mchicha umestawi. Mbilingani ulipozaa ulilemewa ukainama, unataka kijiti cha kuushikiza. Uyoga ukichomoza usishtuke, haudhuru mboga, ila usiule.

Gharama kubwa ni maji. Robota linakauka upesi. Jua la kaskazi linanilazimu kumwagilia asubuhi na jioni, tena maji ya mfereji au ya mvua, kwani visima vyetu vya pwani vina chumvi na majani ya tungule yanaungua kingoni. Kuku nao hupenda kulipekua, nimezungushia nyavu kuukuu za kuvulia. Msimu ukiisha robota linaporomoka lote, na hapo ni mboji tayari. Langu nimelilundika chini ya mpapai.

Lawama yangu kwa muuzaji ni kamba. Kafunga kwa katani nyembamba, ikaoza kabla tungule hazijaiva, marobota mawili yakafumuka na miche ikalala. Na hapa kijijini kina mama wanafukia makumbi ya nazi ufukweni miezi na miezi, wanasokota kamba za usumba zisizoogopa maji! Nimempigia nikamweleza. Kakubali kufungia usumba nikimpelekea mwenyewe, na kwa sharti hilo nimeagiza mengine ya vuli.