Kupima afya ya mzee kwenye makao ya wazee: aulizwe mwenyewe au waulizwe wahudumu?

Kule Marekani fomu ya MDS 3.0, ile ya kupima hali ya kila mzee kwenye makao, iliyoanza Oktoba 2010, inataka kwa mambo kama maumivu, huzuni na kumbukumbu mzee aulizwe mwenyewe kwanza, wahudumu wanaingia pale anaposhindwa kujieleza. Ila ubishi bado upo.

Kwenye maumivu na huzuni mimi naona mzee mwenyewe anashinda kwa mbali, mtu anaweza kuumia siku nzima kimya na nesi akaandika hana shida. Kumbukumbu ndo ina BIMS, jaribio fupi la maswali: anarudia maneno matatu, anaulizwa mwaka, mwezi na siku ya wiki, halafu ayakumbuke yale maneno, alama 0 hadi 15. Ni dakika chache tu. Ila kama hajavaa kifaa chake cha kusikia hapo mnapima masikio sio akili, na hii inaniuma kweli maana alama ya chini inamfuata kila mahali.

Kuoga, kula, kwenda choo? Hapo wahudumu, hasa wa shifti ya usiku, coz wazee wengi watakwambia naweza mwenyewe kumbe anainuliwa na watu wawili. Shida ni wahudumu kunakili tu majibu ya fomu ya zamani, na rekodi isiyojazwa kila shifti haina maana.

Kama mama yako anaongea vizuri, komaa aulizwe yeye, faraghani, kwa lugha yake. Kama dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) imeshamzidi, uliza nani kajaza fomu na kama aliongea na wa usiku.